Mahali, maandishi au video: kituo cha dharura kianze na kipi?

Halmashauri, kaunti au hospitali inayotaka kuboresha huduma yake ya simu za dharura siku hizi haikosi wauzaji. Mmoja anakuja na skrini kubwa ya ukutani yenye picha za moja kwa moja kutoka eneo la ajali. Mwingine anaahidi kuchati na wagonjwa. Wa tatu anauza mfumo wa magari yanayojipigia simu yenyewe yakigongwa. Vyote hivyo vipo, na vyote vinafanya kazi katika nchi fulani. Tatizo ni kwamba bajeti huwa ya kitu kimoja kwanza, na hapa kosa la kuanza na kitu kisichofaa hulipwa na mtu aliyelala barabarani akisubiri gari.

Ninaviweka hapa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya anayepaswa kuamua, au anayemshauri anayeamua. Msimamo wangu nautaja mapema: anza na kujua mpigaji yuko wapi, fuata na maandishi, video iache hadi hayo mawili yasimame. Yapo mazingira ambayo mpangilio huo hugeuka, nitayaeleza.

Kwa nini mahali kwanza

Namba za dharura zilizaliwa wakati simu imefungwa ukutani. London ilianza kutumia 999 tarehe 30 Juni 1937, baada ya moto wa Wimpole Street wa mwaka 1935 ulioua wanawake watano huku jirani aliyepiga simu akiwekwa kwenye foleni na mitambo ya simu. Marekani walipiga simu yao ya kwanza ya 911 tarehe 16 Februari 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Kwa miaka mingi kilichobebwa kilikuwa sauti tu, na kwa kuwa kila namba ilikuwa na nyumba yake, anwani haikuwa kazi ngumu kuipata.

Simu ya mkononi iliuvunja mpango huo. Namba haina nyumba tena. Kinachojulikana ni mnara uliopokea simu, na mnara mmoja mjini unaweza kuhudumia mitaa kadhaa, kijijini unahudumia eneo la kilomita nyingi. Kwetu tatizo ni zito zaidi kwa sababu tunaelekezana kwa alama. Mazungumzo ya kawaida huenda hivi:

“Uko wapi, mama?”
“Huku Kimara, ukishapita kwa Mangi, mkono wa kushoto.”
“Kimara ipi? Mwisho, Baruti, Korogwe?”
“Korogwe. Mtoto ameungua, fanyeni haraka.”
“Ukitokea barabara kubwa unaingilia wapi?”

Kila swali hapo ni dakika inayokwenda, na mama anajibu huku amembeba mtoto. Tanzania ilifanya kazi kubwa mwaka 2022 katika operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapata majina na nyumba zikapata namba. Inasaidia sana. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hatoki nje kwenda kusoma kibao, na ajali hutokea mahali pasipo na kibao.

Suluhisho ninalolipenda linaitwa AML (Advanced Mobile Location). Simu janja inapogundua kwamba mtumiaji amepiga namba ya dharura, inawasha yenyewe GPS na Wi-Fi, inapata mahali ilipo, halafu inatuma ujumbe kimyakimya kwenda kituoni ndani ya sekunde kama 20 hadi 30. Mpigaji hafanyi kitu. Hapakui programu, habonyezi popote, hata hajui kama imetokea. Uingereza walianza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa kampuni za simu BT na EE, na mtengenezaji wa simu HTC. Google wakaiweka kwenye Android mwaka 2016, Apple wakafuata kwenye iPhone mwaka 2018. Tangu Machi 2022 simu janja yoyote mpya inayouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima iwe na uwezo huo. Yaani sehemu ngumu ya kazi imeshafanywa na watengenezaji wa simu. Imo kwenye mifuko ya watu. Kinachobaki ni nchi kuiomba iwashwe, kampuni za simu kukubali kupitisha ujumbe huo bila kutoza, na kituo kuwa na kompyuta inayoupokea na kuuweka kwenye ramani mbele ya mpokeaji simu.

Ndiyo maana naiweka mbele ya vyote. Kwa gharama unayoitumia, hakuna kingine kinachopunguza dakika kwa watu wengi kiasi hicho, kwa sababu inamsaidia kila anayepiga kwa sauti kwa simu janja, na wapigaji wa sauti ndio wengi kila mahali.

Ina mipaka. Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, hakina GPS, basi AML haikijui. Ndani ya jengo la ghorofa ramani inaonyesha jengo, haionyeshi ghorofa. Marekani imezitaka kampuni za simu kutoa pia kimo, kwa tofauti isiyozidi mita 3 kwa asilimia 80 ya simu, kwa sababu kikosi kikifika chini ya jengo refu bila kujua ghorofa kinarudi kwenye kubisha hodi. Na kuna suala la faragha: sheria iseme wazi kwamba mahali panatumwa mtu anapopiga namba ya dharura tu, na kwamba taarifa hiyo haitumiki kwa kazi nyingine. Anayeogopa kufuatiliwa hatapiga simu.

Maandishi: kwa asiyeweza kusema

Aprili 2007, wakati wa mauaji katika chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani, baadhi ya wanafunzi waliojificha walituma meseji kwa 911. Hazikufika popote. Kituo hakikuwa na uwezo wa kuzipokea, na waliozituma hawakulijua hilo. Miaka miwili baadaye, 2009, Black Hawk County huko Iowa ikawa ya kwanza kupokea meseji za 911. Kampuni nne kubwa za simu nchini humo zilikubali kuutoa uwezo huo ifikapo 15 Mei 2014.

Ona lakini walivyolifanya: kituo chenyewe ndicho kinachoamua kama kiko tayari, na kampuni inaunganisha kikishaomba. Kwa hiyo miaka mingi baadaye bado yapo maeneo yasiyopokea. Mji wa Orlando, Florida, ulikuwa hivyo mwezi Juni 2016, watu walipokwama ndani ya klabu ya usiku ya Pulse na mshambuliaji mwenye bunduki. Walituma meseji kwa mama zao na marafiki, na hao ndio wakapiga simu. Walichokifanya vizuri Wamarekani ni kulazimisha jibu la moja kwa moja: ukituma meseji mahali pasipopokea, mtandao unakujibu kwamba haikufika na kwamba upige simu. Ningeliweka sharti hilo siku ya kwanza, hata kabla kituo hakijaanza kupokea. Kimya ndicho kinachoua, kwa sababu aliyetuma anakaa akisubiri.

Maandishi yanawahudumia watu ambao sauti haina faida kwao: kiziwi, mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza kauli, mke aliyejifungia chumbani mume akiwa sebuleni, abiria aliyetekwa. Hawa si wengi kwa hesabu, lakini hawana njia nyingine. Mwenye sauti akikosa teknolojia mpya bado anapiga simu. Hawa wakikosa maandishi wamekosa kila kitu. Ndiyo maana siyasogezi nyuma ya nafasi ya pili.

Udhaifu wake uko wazi. Ujumbe mfupi wa kawaida hutunzwa kwanza na mtandao ndipo usukumwe mbele, na hakuna anayeahidi utafika saa ngapi. Mazungumzo yanakwenda polepole, mpokeaji hasikii pumzi ya mgonjwa wala kelele za nyuma. Na watu huandika kama wanavyoandika siku zote: “naombeni msaada anavunja mlango”. Nani, wapi, mlango upi? Kituo kikianza huduma hii kiwafundishe wananchi jambo moja tu, tena redioni na si kwenye tovuti: meseji ya kwanza iwe na mahali na aina ya msaada. “Polisi. Mbagala Rangi Tatu, nyuma ya kituo cha mafuta, geti jeusi.” Mengine yatafuata kwa maswali.

Njia za kuyapokea ziko tofauti, na tofauti zake ni za maana. Uingereza, kuanzia 2009, wanamtaka mtumiaji ajisajili kwanza kwa kutuma neno la kujiandikisha kwenda 999. Inapunguza mizaha, lakini inamwacha nje aliyepatwa na shida leo bila kujisajili jana. Ufaransa waliweka namba ya peke yake, 114, mwaka 2011, ikihudumiwa na hospitali ya chuo kikuu ya Grenoble, na wakati wa karantini ya 2020 ikafunguliwa pia kwa waliokuwa wakipigwa majumbani. Kituo kimoja chenye watu waliobobea, kinachopokea kwa nchi nzima na kupasisha kwa kikosi cha karibu na mhitaji. Kwa nchi yenye wataalamu wachache, mfano wa Ufaransa naona unatufaa kuliko kuipa kila wilaya dawati lake la meseji ambalo usiku halina mtu.

Ipo pia njia ya maandishi ya papo hapo, herufi zikionekana upande wa pili zinapobonyezwa, bila kusubiri kutuma. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliipitisha Desemba 2016 kuchukua nafasi ya mashine za zamani za viziwi. Ni bora kuliko SMS: mpokeaji akiona “ana ki” tayari anaanza kuelewa kabla ya “ana kisu”. Lakini inataka mtandao wa kisasa na simu inayoiweza, na kwenye kitochi haipo.

Kwa Waswahili walioko Marekani niongeze hili: kama unaweza kusema, piga kwa sauti. Vituo vingi vya 911 vina mkataba na kampuni za ukalimani kwa simu. Taja “Swahili” na mahali ulipo, mkalimani anaunganishwa. Kwenye meseji vituo vingi huomba uandike kwa Kiingereza, na mkalimani si rahisi kupatikana.

Video ni mambo mawili, yasichanganywe

Muuzaji anaposema video, humaanisha mpokeaji simu kuliona eneo la tukio. Mfano bora ni GoodSAM, inayotumiwa na huduma za dharura Uingereza, zikiwemo za helikopta ya madaktari ya London. Mpigaji anapiga simu ya kawaida. Mpokeaji akiona kuna haja, anamtumia meseji yenye kiungo. Mpigaji anakigusa na kamera inafunguka, bila kupakua programu. Daktari anaona kama kifua kinapanda, kama damu inaruka au inachuruzika, kama anayemkandamiza mgonjwa kifua anakandamiza panapotakiwa, halafu anaamua kama helikopta iende au irudi. Apple nao mwaka 2024 waliweka uwezo kama huo kwenye iPhone, mpokeaji akiomba.

Ni kitu kizuri. Nakiweka nyuma kwa sababu za kawaida kabisa. Kinataka simu janja, bando na mtandao wenye nguvu, vitatu kwa pamoja, saa nane usiku. Kinataka mtu wa pili wa kushika simu, kwani anayemhudumia majeruhi mikono yake ina kazi. Mpokeaji aliyezoea kusikia sasa ataona maiti za watoto, na kituo kisipopanga ushauri nasaha na mapumziko kitawapoteza watu wake wazuri ndani ya muda mfupi. Picha hizo zikihifadhiwa zinakuwa ushahidi, na zikivuja zinaishia kwenye makundi ya WhatsApp. Ukiinunua, iwe kwa mtindo huohuo wa kiungo kinachotumwa na kituo. Usifungue mlango wa kila mtu kupiga kwa video anapotaka.

Video ya pili ni ya lugha ya alama, na hiyo siihesabu kuwa anasa. Uingereza ilizindua 999 ya lugha ya alama Juni 2022: kiziwi anafungua programu, mkalimani anatokea kwenye skrini, naye anazungumza na kituo kwa sauti. Tunapenda kudhani meseji inamtosha kiziwi. Kwa wengi haitoshi, maana aliyekua na lugha ya alama ndiyo lugha yake, na Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili aliyoipata shuleni kama shule ilimfundisha. Kumtaka aandike sentensi za Kiswahili huku nyumba inaungua ni kumwongezea mtihani. Hapa gharama haiko kwenye kamera. Iko kwenye mishahara ya wakalimani wa zamu ya usiku, na hiyo inawezekana kwa kituo kimoja cha taifa kuliko kwa kila kaunti.

Data za magari na mitambo

Hapa sitakaa. Umoja wa Ulaya, tangu 31 Machi 2018, umetaka aina mpya za magari ziwe na eCall: gari likigongwa sana linapiga lenyewe 112, namba ya dharura ya Ulaya, na kutuma mahali lilipo, saa, upande lilikokuwa likielekea na aina ya mafuta. Kwa Ulaya ni jambo la busara, ingawa sasa wana shughuli ya kubadilisha, kwa kuwa vifaa vya mwanzo vilitegemea mitandao ya 2G na 3G inayozimwa. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani, hayana kifaa cha kuongea na vituo vyetu. Atakayekuuzia hili leo anakuuzia mtambo wa kupokea simu ambazo hazitapigwa.

Data iliyo na faida kwetu iko upande wa pili wa simu. Mfumo wa m-mama wa Tanzania, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unapokea simu ya bure kwa namba 115 pale mjamzito au mtoto mchanga anapopata dharura. Mpigaji anatumia sauti tu, hata kwa kitochi. Kazi ya data inafanyika kwa mratibu: mfumo unaonyesha kituo cha afya kinachofaa na gari lililo karibu, na ambulensi ikikosekana anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Hakuna video wala kuchati hapo, ila gari linapatikana.

Ubavu kwa ubavu

| | Kitochi | Bila bando | Mzigo mkubwa wa kituo |
|---|---|---|---|
| Mahali (AML) | Hapana | Ndiyo | Makubaliano na kampuni za simu, ramani |
| Meseji (SMS) | Ndiyo | Ndiyo, namba ikiwa ya bure | Watu wa zamu, elimu kwa umma |
| Video ya tukio | Hapana | Hapana | Mafunzo, ushauri nasaha, ulinzi wa picha |
| Video ya lugha ya alama | Hapana | Hapana, hadi kampuni zikubali kuisamehe | Wakalimani saa 24 |
| Orodha ya magari kwa mratibu | Ndiyo | Ndiyo | Kuisasisha kila siku |

Sasa pale ninapogeuza mpangilio. Wilaya ya vijijini yenye vitochi vingi isianze na AML. Ianze na orodha ya magari na madereva kama m-mama, kisha meseji, huku ikiiomba kampuni ya simu angalau mahali pa mnara. Jiji kama Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam lianze na AML bila kusita. Hospitali au huduma binafsi ya ambulensi haiwezi kuwasha AML peke yake, hilo ni la taifa. Kwake kiungo cha meseji kinachorudisha mahali pa mpigaji kinafaa, na kiungo hichohicho kinaweza kuja kubeba video baadaye. Chama cha viziwi kinachotafuta cha kudai kwa serikali kidai meseji mwaka huu, na wakalimani kwenye bajeti inayofuata.

Kujenga upya au kuongeza kidogo kidogo

Marekani na Kanada wamechagua kubomoa mtandao mzima na kujenga mwingine wa intaneti utakaobeba sauti, maandishi, picha na data pamoja. Ripoti iliyopelekwa kwa Bunge la Marekani mwaka 2018 ilikadiria kazi hiyo kugharimu kati ya dola bilioni 9.5 na bilioni 12.7 kwa nchi nzima. Kanada ilipanga kumaliza Machi 2025, ikasogeza hadi Machi 2027. Mtandao huo una faida yake: kituo kikizidiwa, simu zinahamia kingine pamoja na mahali na meseji zake.

Lakini soma yaliyotokea Aprili 2014. Kompyuta moja ya Englewood, Colorado, ilikuwa ikizipa namba simu za 911 za majimbo kadhaa. Kihesabio chake kilikuwa na kikomo cha milioni 40. Kilipofika hapo kikaacha kutoa namba, na simu zikaacha kupita. Kituo cha akiba kilikuwepo Miami, lakini simu hazikuhamia huko zenyewe, kwa kuwa king'ora cha hitilafu kilikuwa kimepangwa kama jambo dogo. Kwa muda wa saa kama 6, katika majimbo 7, zaidi ya simu 6,600 hazikufika. Hakukuwa na dhoruba wala mdukuzi.

Sisi hatuna mtandao mkubwa wa zamani wa kubomoa, na hiyo ni nafuu. Ningeongeza kidogo kidogo juu ya sauti, kwa viwango vya wazi ambavyo kampuni nyingine inaweza kuviendeleza muuzaji wa kwanza akiondoka. Na laini ya sauti ya kawaida ibaki hai hata mfumo mpya ukizimika, yenye mtu mwenye kalamu na daftari.

Kabla ya kusaini, mpeleke muuzaji nje ya ofisi. Apige kutoka sokoni saa ya msongamano, kutoka ghorofa ya nne, kutoka kijiji cha mwisho cha wilaya, kwa simu janja ya bei nafuu isiyo na salio, kisha kwa kitochi. Atume meseji yenye maneno yaliyokatwakatwa kama watu wanavyoandika. Halafu chomoa waya wa intaneti ya kituo mbele yake, umwombe apige tena, na uangalie nani anaarifiwa, kwa njia gani, baada ya dakika ngapi. Majibu hayo yaandikwe kwenye mkataba, yakiwa na fidia.